Alama ya Kidole cha Mzee Kipkemei

Jumamosi baada ya uji, Chepkorir alimkata baba yake kucha kwa wembe mpya, miguu ya mzee ikiwa ndani ya karai la maji ya uvuguvugu. Alipofika kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto aliona kwamba alama zake zimekwisha. Kilikuwa laini kama haragwe.

"Baba, hiki kidole kimefanya nini?"

"Kipkosgei alikuja na wino," mzee alisema. "Ati karatasi ya dawa za bure. Nikabonyeza, akaenda nayo."

Kipkosgei, kaka yake Chepkorir, aliuza mabati Kanduyi na alifika nyumbani mara mbili kwa mwaka. Aliyemwogesha baba kwa miaka sita ni Chepkorir, tangu aliporudi kutoka kwa mumewe. Karatasi haikuwa ya dawa. Ilikuwa ya kuuza ekari tatu, pamoja na nyumba waliyolala.

Jumatatu alama zilionekana shambani. Kila jani la mahindi lilikuwa na alama moja ya kidole gumba, ya zambarau, karibu na ncha. Chepkorir alimaliza kupalilia mistari miwili, akakata majani manne, akayafunga kwa gazeti na kwenda Kitale kwa wakili Thuo.

Thuo aliyatazama kwa kioo cha kukuza, akayalinganisha na kitambulisho cha mzee.

"Ni yeye. Hata kovu liko. Shida, mama, jani haliwezi kula kiapo. Mlete mzee mwenyewe aseme alidanganywa."

Mwezi wa kumi walisimama mbele ya baraza la mashamba. Mzee alieleza habari ya wino na dawa bila kukosea neno. Kipkosgei akainua mkono.

"Waheshimiwa, apimwe kwanza kama ni yeye."

"Kipkosgei! Si huyu ndiye alikulipia karo?"

"Dada, mimi nafuata utaratibu tu."

Karani alibonyeza kidole cha mzee kitabuni mara tatu. Likatoka doa tupu. Kisha akafungua karatasi ya mauzo, ambako kila mstari wa kidole ulionekana.

"Kipkemei ni huyu," alisema, akiigonga karatasi. "Na amekubali kuuza."

Thuo akaonyesha picha ya kitambulisho. Mwenyekiti alisema sura hubadilika. Chepkorir akapewa fomu ya kuthibitisha kwamba mtu aliyekuja naye hajulikani. Alikataa kutia saini, nayo ikapigwa muhuri hivyohivyo.

Nje, mzee alifunga vifungo vya koti.

"Sasa huyo Kipkemei ako wapi?"

"Ako shambani, baba."

"Basi twende tumsalimie."

Walikuta seng'enge mpya, magodoro yao mawili yakiwa barabarani, na mlinzi amekalia ndoo. Alisema ameambiwa asiingize wageni, lakini kusalimia hakujakatazwa.

Mzee alishika waya. "Chamgei," alisema, kama anayemsalimu jirani.

Mahindi ya ekari zote tatu yakaitikia, "Chamgei mising," kwa sauti yake mwenyewe.

"Haya, amejibu," mlinzi alisema. "Msikae sana, mzee. Mashine ya kuvuna iko njiani."