Nafasi ya Sifuri

"Mwanangu, hii si ndiyo sindano iliyotaka kuniua mwaka juzi?" shangazi aliniuliza. Muuguzi alikuwa ameshamfunga mpira mkononi, anatafuta mshipa.

"Kompyuta inasema huna mzio wowote, mama," muuguzi akamjibu.

Programu ile ya hospitali niliiandika mimi! Nikamwambia asimguse, nikashuka ngazi mbilimbili hadi chumba cha kompyuta.

Mwenzangu wa kazi, Bingwa, jina alilojipa mwenyewe, alikuwa anakunywa chai bila wasiwasi. Nikafungua faili la mizio. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Nani kakutuma uliguse?"

"Jana nilisafisha tu, dada. Nafasi ya kwanza ilikuwa tupu, nikaifuta."

"Tupu! We mtu una akili kweli?"

Kila mgonjwa ana nafasi ya baiti sitini na nne ndani ya faili. Programu inazidisha namba ya kadi kwa sitini na nne, kisha fseek, amri ya C ya kuruka ndani ya faili, inampeleka msomaji hapo hapo, haijali kuna nani. Kadi zetu zinaanzia moja, na faili linaanzia sifuri. Kwa hiyo nafasi ya sifuri niliiacha wazi makusudi. Bwana huyu kaing'oa, wagonjwa wote wakasogea mbele hatua moja. Majina yako faili lingine, hayakuguswa. Ndiyo maana shangazi, kadi mia nne kumi na mbili, alisomewa mzio wa mtu wa mia nne kumi na tatu kwa jina lake mwenyewe, na hakuna aliyeshtuka.

"Mbona hukuandika popote kwamba isifutwe?" Bingwa akauliza.

Nilimtukana. Nilimtukana hasa, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Miaka sita, na sikuandika hata mstari mmoja wa maelezo.

Nikairudisha nafasi, nikapanda juu mbio. Muuguzi akaingiza namba upya. Kioo kikaandika: penisilini, mzio mkali.

"Afadhali," nikasema, nahema.

Muuguzi alikuwa anaangalia trei yake.

"Tangu asubuhi nimeshachoma saba," akasema. "Mizio yao wote niliisoma hapa."

Shangazi akaung'oa ule mpira mkononi, akautupa chini.

"Mnatazamana nini?" alifoka. "Kimbieni!"