Sumaku Iliyochelewa Kuachia

Katika yadi ile ya vyuma chakavu, fundi umeme walimwita Kalamu, maana hakukosa kalamu sikioni hata siku ya kushika bisibisi tu. Dereva wa kreni, mume wa dada yake, walimwita Taratibu. Si kwamba alikuwa mvivu. Alikuwa mtu wa kuangalia mara mbili kabla ya kugusa kitu, na kwa miaka kumi na minne kreni yake haikuwahi kumkwaruza mtu.

Kreni hiyo ilining'iniza sumaku ya umeme, duara zito lenye koili ya shaba ndani. Ukiwasha, inanasa vyuma, ukizima, inaviachia. Tabu ilikuwa swichi. Kila ilipozimwa, umeme uliobaki kwenye koili ulikataa kufa kimya. Uliruka kwa cheche na kuiunguza swichi. Kalamu akachora saketi mpya: akafunga kwenye koili dayodi moja, kidude cha kupitisha umeme upande mmoja tu, umeme ule upate njia ya kuzunguka humo mpaka uchoke wenyewe. Cheche zikakoma. Bosi akamsifu mbele ya watu, naye kichwa kikamvimba.

Wiki ya pili Taratibu akamfuata.

"Shemeji, sumaku siku hizi inang'ang'ania. Nazima, inakaa kwanza, ndiyo inaachia."

"Ni wewe tu, shemeji. Hesabu nimepiga mwenyewe."

"Basi panda juu ujionee."

"Nitakuja," alisema Kalamu. Hakwenda.

Alhamisi, Taratibu alizima sumaku juu ya lori. Vyuma havikuanguka. Mzigo ukabembea na waya wake, ukapita lori, ndipo ukaachia, juu ya kibanda cha mizani. Bati likakunjika kama karatasi. Karani wa mizani alikuwa ametoka kunywa maji. Pona yake ilikuwa hiyo.

Bosi akawaita wote wawili ofisini. Akamgeukia Kalamu. "Niambie wewe uliyesoma. Ni mashine au ni mtu?"

Kalamu alizikumbuka sifa zile. "Saketi iko sawa, bosi. Labda mkono wa shemeji umeanza kuwa mzito. Umri nao."

Siku hiyohiyo Taratibu aliteremshwa kwenye kreni, akapewa ufagio.

Akaletwa dereva mwingine, mwanamke mwenye maneno machache. Siku ya tatu alimwita Kalamu. "Fundi, panda. Hiki kitu kinachelewa."

Safari hii alipanda. Akainua furushi la nondo, akazima kwa mkono wake mwenyewe. Moja. Mbili. Ndipo nondo zikaanguka. Dayodi yake ilikuwa imeupa umeme barabara nyororo mno, ukazunguka bila haraka, na sumaku ikaendelea kuwa hai wakati swichi imeshazimwa. Jambo la darasani kabisa. Swichi aliiponya, mtu aliyekaa chini ya mzigo hakumfikiria.

Mchana, wenzake wakila, alifunga rezista kubwa kwenye njia ile ya dayodi ili umeme ukutane na kizuizi na uishe upesi. Hakuiweka kubwa kupita kiasi, maana nguvu ya umeme ingepanda ikapasua koili. Alipojaribu, nondo ziliachia ndani ya nusu sekunde. Bosi akawa anapita.

"Naona dereva mpya ana mkono mwepesi."

"Ndiyo, bosi," alisema Kalamu.

Mara ya kwanza angeweza kusema hakujua. Sasa alijua. Na hatua ishirini kutoka pale, Taratibu alikuwa anafagia chenga za kutu, mgongo umepinda.

Jumamosi alijikaza, akaenda kwa dada yake. Watoto wakamkimbilia, "Mjomba! Mjomba!", akashindwa hata kuwainua. Shemeji yake alikuwa uani akikaza miguu ya stuli.

"Shemeji, haikuwa mkono wako. Ilikuwa saketi yangu."

"Najua," alisema Taratibu bila kuacha kukaza. "Nilikuwa nahesabu. Mbili, kila mara."

"Mbona hukusema pale ofisini?"

"Nilikuambia wewe kwanza. Pale ofisini nilingoja unisemee wewe, ndugu yangu."

Dada yake alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alikuwa amesikia yote. "Kwa hiyo ulituangalia wiki nzima," alisema, akaenda kuanika.

Jumatatu Kalamu alimweleza bosi mbele ya wafanyakazi, akaonyesha dayodi na rezista, akataja na ile "ndiyo, bosi" aliyoijibu. Wengine walicheka. Bosi hakucheka, alimpa barua ya onyo na kuagiza asichore kitu tena bila mwingine kukikagua. Taratibu akarudishwa juu, dereva yule akapewa kreni ya pili.

Jumapili iliyofuata walimwita kula, kama kawaida. Shemeji alimsogezea kiti, wakaongea habari za mvua na ada za shule. Lile jambo hakuna aliyeligusa. Kalamu alitamani angalau mmoja amtukane. Dada yake alimpakulia, akaweka sahani mbele yake bila kumtazama.

"Kula," alisema.

Akala, macho kwenye sahani.