Baba Mkwe Mezani

Kwetu Rungwe mke wa mtu na baba mkwe wake hawatazamani. Vijana wengi wameacha, wanasema ni ushamba, lakini kwa mume wangu Meshaki, kule Isongole, mila bado ina meno. Baba mkwe akitokea njiani, mimi naingia kwenye mahindi. Sijawahi kumpa hata maji kwa mkono wangu, na jina lake silitamki. Tunaishi ua mmoja, ila nakijua kikohozi chake kuliko uso wake.

Sasa mtu kama mimi nikaenda kutafuta kazi ya kuhudumia watu mezani! Shida hazichagui.

Hoteli ipo Tukuyu mjini, na mimi pale nilikuwa deiwaka: wageni wakijaa unaitwa, wakipungua unasahaulika. Nilianza mwanangu hajaota meno, sasa yuko darasa la kwanza. Ukipigiwa simu usipofika, umejifukuza mwenyewe. Kwa hiyo sikuweza kushika kibarua cha viazi, sikuweza kulala msibani Kiwira, na simu nilikwenda nayo mpaka chooni. Kazi sikuwa nayo, ila yenyewe ilikuwa nami.

Jumatatu meneja wetu, Bwana Fulgence, aliyehamia kutoka Bukoba, akaniita.

"Atupele, Alhamisi kuna chakula cha watu wa semina. Mwenye hoteli anakuja mwenyewe kuangalia huduma. Mwenzako Happy simwiti, nabana matumizi. Ukumbi wote ni wako. Ukifanya vizuri, nakuajiri moja kwa moja. Ukiharibu, tusijuane."

Semina ya nani, hakusema, na mimi kwa furaha sikuuliza. Nilimwambia mama mkwe, naye akapeleka habari ndani. Jioni nikasikia baba mkwe akisali upande wa pili wa ukuta: "Bwana, mkumbuke mtoto huyu. Apate kazi." Nililia, nisiwe mwongo.

Alhamisi nikatoka jikoni na sinia la supu. Kabla sijafika meza ya kwanza nikasikia kikohozi. Walikuwa wakulima wa viazi, na baba mkwe alikuwa kati yao, dirishani, na koti lake la kanisani.

Nikarudi jikoni mbio. Mama Doreen, mpishi, akanielewa bila kuambiwa, maana naye ni wa hukuhuku.

"Ningekupelekea mimi, mwanangu, lakini unajua wa jikoni haruhusiwi ukumbini."

Mlangoni Bwana Fulgence alikuwa anagonga saa yake kwa kidole. Nikainamisha kichwa, nikatoka.

Aliniona. Nilijua, kwa sababu mazungumzo yake yalikatika katikati. Kutoka nje asingeweza bila kunipita mimi mlangoni. Basi akafumba macho. Akayabana kabisa, na mzee Ambwene aliyekaa naye akamwekea kijiko mkononi kimyakimya. Nikaweka bakuli nikiwa nimegeuzia uso mlangoni.

Akala hivyo hivyo, kipofu wa kujitakia. Supu ikamdondokea kotini. Wenzake wa huku wakainama kwenye sahani zao wasiaibishe mtu. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mzee alikuwa ananiachia ukumbi nifanye kazi yangu.

Bwana Fulgence akanivuta pembeni.

"Yule mzee haoni, wewe unampita tu? Bosi anakutazama. Kaa naye, umlishe."

"Siwezi, meneja. Ni baba mkwe wangu."

"Basi afadhali! Ni mtu wako kabisa. Kamlishe."

"Kwetu hairuhusiwi. Halafu si kipofu, amefumba tu kwa sababu yangu."

"Atupele, hapa si kwenu, hapa ni hotelini. Mteja ni mfalme. Unataka kazi hutaki?"

Nilitaka, jamani. Nikaenda. Nikafika karibu yake, nikanyoosha mkono kuchukua kijiko. Akasikia nyayo zangu, akaacha kupumua, na kope zake zikaanza kutetemeka kwa jinsi alivyozibana. Mkono wangu ukarudi wenyewe.

"Siwezi," nikamwambia meneja.

Hakunipigia kelele, bosi alikuwepo. Alininong'oneza tu, "Vua aproni. Simu yangu usiisubiri tena." Kisha akajitengenezea tabasamu, akavuta kiti, akachukua kijiko mwenyewe. "Karibu, mzee wangu." Na baba mkwe, mwenyekiti wa wakulima, mtu anayeogopwa na kijiji kizima, akafungua kinywa akalishwa mbele za watu. Hakusema kwamba anaona. Aliamini bado ananisaidia.

Walipotoka nilikuwa barazani, nimegeukia ukuta. Mzee Ambwene alikuwa amemshika baba mkwe mkono. Wakasimama nyuma yangu.

"Mwulize mtoto," baba mkwe alisema kwa sauti ya kunifikia. "Wamempa?"

Mzee Ambwene alikuwa ameona yote. Nikautazama ukuta. Nikaliona lile koti lililochafuka, ingawa sikuwa nimegeuka.

"Mwambie wamenipa," nikasema. "Mwambie ndaga fijo, asante sana."

Nikasikia akishusha pumzi, akacheka kidogo, akaenda zake.

Tangu hapo kila asubuhi naaga, napanda bodaboda mpaka mjini, nashinda stendi, jioni narudi nimechoka kama waliofanya kazi. Kumwambia ukweli siwezi, maana hatusemezani, kumtuma mama mkwe sithubutu, na mzee Ambwene ameapa hatautoa yeye. Leo mama mkwe ameniletea ujumbe kwamba Jumapili baba atasimama kanisani kutoa shukrani kwa ajili ya ajira yangu. Mbuzi amekwisha kumnunua, na mchungaji ameshaambiwa.