Bahasha Mkononi mwa Tamesha

Katika video ile nimefunika uso kwa viganja. Wasichana kumi na wanne wamenivamia, maji ya chupa yanamwagwa hewani, na Kocha Vandiver anajifuta jicho kwa pindo la fulana yake. Watu milioni tatu wameitazama. Mwaka jana, miaka tisa baadaye, mama mmoja alinisimamisha dukani akaniambia kwamba alilia alipoiona. Nilimshukuru. Kisha nikaacha kikapu changu palepale, kati ya mikate na maziwa, nikatoka nje kutafuta hewa.

Kinyaa hakizeeki.

Nilicheza mpira wa kikapu chuoni bila ufadhili. Timu ilikuwa na nafasi kumi na tano za kusomesha wachezaji, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nilivaa jezi ileile, niliamka alfajiri ileile, nilitapika kwenye ndoo ileile baada ya mbio, kisha nikasoma kwa mikopo na kwa jasho la baba yangu, mkulima wa mahindi huko Iowa. Kwa hiyo Tamesha Gooden, niliyekaa naye chumba kimoja bwenini, aliniita Mahindi.

"Mahindi, mbona unaubembeleza mpira kama mtoto mchanga?" alikuwa akinipigia kelele mazoezini, mbele ya wote. "Udunde! Hautalia!"

Tamesha ndiye aliyekuwa nyota wetu. Alitoka mji mdogo wa Mississippi, alilelewa na bibi yake, na alikuja kusomea uuguzi. Mpira kwake ulikuwa njia ya kufika darasani, na alisema hivyo waziwazi, jambo lililomkera Kocha. Mwezi Machi wa mwaka wetu wa tatu goti lake lilianza kuvimba. Tulikuwa tunashinda, basi daktari wa timu akalichoma sindano ya ganzi, naye akacheza. Mechi iliyofuata akachomwa tena, akacheza tena. Katika mechi ya tatu goti likakatika. Nilikuwa kwenye benchi nikausikia mlio wake, na watu elfu nane waliokuwa wakilipigia kelele jina lake wakanyamaza ghafla. Walimpigia makofi alipobebwa, kisha wakarudia bisi zao.

Mei, Kocha aliniita ofisini. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na upole ule ndio unaonichefua mpaka leo.

"Wewe ndiye rafiki yake," aliniambia. "Anaogopa karatasi tu. Atie saini kwamba anaacha kucheza kwa sababu za afya, apumzike, amalize uuguzi wake hapahapa. Nafasi yake ya ufadhili haiguswi. Nimemwambia mwenyewe. Unaniamini?"

"Nakuamini, Kocha."

"Basi mtie moyo, mpenzi. Na usidhani sikuoni unavyojituma."

Sentensi ile ya mwisho niliisikia vizuri sana. Nilitoka nayo ofisini kama aliyepewa pipi, na sikutaka kujiuliza kwa nini nimepewa.

Sikungoja hadi kesho. Usiku uleule nilimkuta Tamesha kitandani, mguu juu ya mito miwili, karatasi kifuani.

"Bibi kasema nisitie saini kitu ambacho hawataki nikipeleke nyumbani kwanza," alisema.

"Tamesha, bwana! Kocha huyu alipokuja kukusajili alikaa jikoni kwa bibi yako akala kambare wa kukaanga. Akaapa atakulea. Leo akutupe?"

Alicheka. "Alikula vipande vinne, yule. Tena akaomba vya kufungiwa." Kisha akanigeukia. "Wewe ungetia?"

"Ningetia," nikasema.

Akachukua kalamu yangu akatia saini juu ya kitabu changu cha kemia.

Agosti tuliitwa wote kwenye chumba cha mikutano. Brynn, dada wa ofisi ya habari, alikuwa ameshasimamisha kamera, nasi tukadhani ni mahojiano ya kila mwaka. Tamesha alikuwa amealikwa pia, akaja akitembelea gongo lake moja. Kocha akamkabidhi bahasha.

"Mpe rafiki yako," alisema. "Nyie ni familia. Renae, isome kwa sauti."

Tamesha alinijia akichechemea, akitabasamu kweli, maana hakujua amebeba nini. Nikafungua. Nikasoma kwamba kuanzia muhula ule nimepewa ufadhili kamili. Nikaishia katikati ya sentensi.

Kila mtu mle alijua hesabu. Nafasi ni kumi na tano, na wenye nafasi kumi na nne walikuwa wameketi mbele yangu. Mmoja alipiga makofi mawili, akaacha.

"Kocha," Tamesha akasema taratibu, "si uliniambia nafasi yangu haiguswi?"

"Hayo tutayaongea ofisini, mpenzi. Leo ni siku ya Renae." Kocha akamgeukia Brynn. "Umeipata?"

"Haifai, Kocha. Haina furaha."

"Basi rudieni. Renae, kaa. Tamesha, rudisha karatasi kwenye bahasha. Na nyie wengine, hapa hakuna msiba!"

Ningeweza kukataa. Nimejitafutia visingizio vingi tangu siku ile: baba yangu, mikopo, umri wa miaka ishirini na moja. Vyote ni vya kweli na vyote vinanuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama huku nikijua kilichokuwa mvunguni ni cha nani. Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa.

Huko ofisini hawakumpa kitu. Walimwonyesha saini yake. Ijumaa ya wiki ile bibi yake alikuja kumchukua, akabeba masanduku mwenyewe akishuka ghorofa tatu, akakataa mkono wangu bila kunitukana. Tamesha hakumaliza uuguzi, si hapo wala kwingine. Hayo niliyajua baadaye, kwa watu, kwa sababu sikuwahi kuwa na uso wa kumpigia simu.

Lakini siku ile ya kamera alikuwa bado ana tumaini. Nilimwona akijipangusa uso, akikunja karatasi vizuri, akiweka bahasha kwenye mkono usioshika gongo. Alidhani akiwa mtiifu watamhurumia. Brynn akahesabu kwa vidole. Tamesha akavuka chumba mara ya pili, anatabasamu, akanipa bahasha, nami nikasoma kwa sauti kubwa, kila neno. Akanikumbatia, mdomo sikioni mwangu.

"Ruka, Mahindi," akaninong'oneza. "Ruka watuachie, goti linaniuma."

Nikaruka.