Ngolo za Gaudiosa

Mwalimu Nurdini alikuwa hodari wa hisabati, na hilo hakuna aliyembishia. Alikulia dukani kwa baba yake kule Mbamba Bay, kitenge kikipimwa kwa mita na mchele kwa mizani, na tangu mdogo alikuwa ameshajumlisha kichwani kabla mteja hajafungua pochi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alidhani kila anayejua kuhesabu huhesabu kama yeye. Basi serikali ikampeleka milimani, kwenye shule moja ya msingi upande wa Mbuji, ikampa darasa la nne lenye watoto hamsini na wawili. Mmoja wao alikuwa Gaudiosa.

Gaudiosa alikuwa na miaka kumi na mitatu, magoti hayaenei chini ya dawati, mpole, na mbele ya ubao alikuwa bubu. Mpe chaki umwambie saba mara nane, ataishika hiyo chaki mpaka jasho liilainishe. Alikuwa amesharudishwa darasa mara moja. Sasa ilikuwa Machi, na Mwalimu Mkuu Kunigunda alitaka ifikapo Ijumaa aletewe orodha ya watakaorudishwa la tatu, wasije wakaiangusha shule kwenye upimaji wa taifa. Nurdini alikuwa ameshaandika majina manne. La Gaudiosa lilikuwa la kwanza.

"Mama yake keshasema," Mwalimu Mkuu alimwambia Jumatatu ile. "Akirudishwa tena hasomi. Atabaki nyumbani achume kahawa. Na mimi siwezi kupeleka kwenye mtihani mtoto asiyejua jedwali. Wewe ndiye mwalimu wake, Nurdini. Una hakika?"

"Nina hakika, mwalimu."

Na alikuwa nayo kweli. Usiku alilala usingizi wake wote.

Jumanne ilikuwa siku ya shamba. Kila mwaka mvua zinapokaribia kuisha, shule hupanda maharage kwenye mteremko ulio nyuma ya madarasa, ndiyo mboga ya chakula cha mchana. Na Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, hawalimi mteremko kwa matuta kama wengine. Hulima ngolo. Nyasi hufyekwa zikaachwa zikauke, kisha hupangwa chini kwa miraba; halafu udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuzifunika zile nyasi. Unabaki na shimo lenye ukuta pande zote nne, maharage juu ya ukuta, maji ndani ya shimo. Nyumbani baba hupanga nyasi na mama hushika jembe. Shuleni kila mtoto anafanya vyote, nao wanafurahi kweli kweli.

Nurdini hakuwa amewahi kulima ngolo hata moja, lakini neno "mraba" lilimtosha. Alikuja na kamba, vigingi na futi ya fundi seremala. Akapiga pembe mraba kuanzia kona ya darasa la tano, akavuta kamba moja kwa moja kama anajenga msingi wa nyumba, akawaambia watoto wapange nyasi chini ya kamba. Wakapanga. Alipogeuka kuvuta kamba ya pili, nyuma yake mtu alikuwa anaziondoa zile za kwanza.

"Nani anavuruga kazi?"

Watoto wote wakamtazama Gaudiosa, aliyekuwa amekumbatia mzigo wa nyasi.

"Wewe! Kamba huioni?"

"Naiona, mwalimu."

"Sasa nani kakutuma uhamishe nyasi?"

"Maji, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko, na Nurdini, kijana wa watu, akadhani wanamcheka Gaudiosa. La hasha! Walikuwa wanamcheka yeye. Ila wana adabu, hawakusema. Mtoto mmoja tu, Dunstan, mwenye mdomo usio na kifuniko, ndiye aliyejaribu kumsaidia: "Mwalimu, pale katikati pana kibonde. Kamba yako inapita juu yake kama haikioni."

Nurdini alitazama. Hakuona kibonde chochote, aliona mteremko tu. Akapandwa na hasira ya mtu aliyevaa viatu vya kazini shambani. "Haya, mabingwa! Upande wa kulia ni wangu, nalima kwa kamba na nusu ya darasa. Upande wa kushoto ni wa Gaudiosa na nusu nyingine. Tuone!"

Basi Gaudiosa akaweka chini mzigo wake. Hakuwa na kamba wala futi. Alitembea akikata mteremko, mguu mmoja mbele ya mwingine, akasimama, akainamisha kichwa, akatembea tena. Kila aliposimama alidondosha fungu la nyasi, na wenzake wakaja nyuma wakaliunganisha. Penye kibonde aliyafanya mashimo madogo na kuta nene. Penye mgongo akayaachia nafasi. Hakupaza sauti hata mara moja. Alielekeza kwa kidevu, na wenzake ishirini na watano wakamfuata kama wamezaliwa tumbo moja. Nurdini alikuwa ana mengi ya kufanya upande wake, lakini macho yake hayakutulia.

Saa saba wingu lilivuka mlima likafungua mlango wote. Watoto wakakimbilia barazani na majembe yao, wakasimama wakitazama shamba. Nurdini alisimama nao.

Maji yalianza upande wake. Mashimo ya juu yalijaa, yakatulia kidogo, halafu pale katikati, pale pale kwenye kibonde ambacho hakukiona, ukuta mmoja ukalegea. Shimo likamwagikia la chini yake, la chini likamwagikia lingine, na kufumba na kufumbua mto mwekundu ulikuwa unateremka katikati ya miraba yake mizuri, umebeba nyasi, udongo na jasho la watoto.

"Pole, mwalimu," akasema Dunstan, na alimaanisha.

Lakini Nurdini hakuwa anatazama tena upande wake. Upande wa kushoto mashimo yalikuwa yanajaa moja moja, mstari kwa mstari, na hakuna hata moja lililomwagika. Mvua ile ile, mlima ule ule! Maji yalikuja kwa kishindo, yakafika pale, yakakaa. Mteremko mzima ulijaa vioo vidogo vya maji, na kila kimoja kilikuwa mahali ambapo yule mtoto alisimama akainamisha kichwa. Nywele zilimsisimka. Aliwahi kuona wasomi wa chuo wakichora ramani kwa mashine ghali, na hakuna aliyewahi kumtia baridi ya namna hii.

"Gaudiosa," alisema baadaye, taratibu, kama anayeongea kanisani ingawa yeye ni mtu wa msikitini. "Yako mangapi?"

"Mia na nne, mwalimu."

"Umeyahesabu saa ngapi?"

Msichana alishangaa swali lenyewe. "Mistari kumi na miwili, kila mmoja tisa. Ila mwamba umekula manne."

Nurdini alimshika mkono, wakapita kwenye mvua mpaka ofisini, wote wawili wakichuruzika.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," Gaudiosa alisema akitazama sakafu.

"Marahaba. Kuna nini, mnanilowanishia madaftari!"

Nurdini akaeleza, maneno yakigongana. Mwalimu Kunigunda alisikiliza mikono kifuani. Alikuwa Mmatengo wa pale pale, amefundisha miaka ishirini na minane, na ngolo amelima tangu anyanyue jembe. "Kulima wanajua wote, Nurdini. Mtihani hauulizi kulima." Hata hivyo akamgeukia msichana. "Haya. Hizo ngolo zako mia na nne. Wagawie watoto ishirini na sita, sawa sawa."

"Nne nne."

"Na wakija wote hamsini na wawili?"

"Mbili mbili."

"Nikitaka mia tatu na kumi na mbili, nilime mashamba mangapi kama hilo?"

"Matatu, mwalimu." Hakuwa hata amenyanyua kidole. Alikuwa anatazama ukutani, kana kwamba ukuta una mteremko.

Mwalimu Mkuu akavuta karatasi, akaandika kwa tarakimu: mia na nne, alama ya kugawanya, ishirini na sita. Akamsogezea. Na hapo, jamani, Gaudiosa akawa bubu tena. Jasho likamtoka puani. Nurdini alitaka kulia.

"Mwanangu," Mwalimu Mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hicho ndicho nilichokuuliza sasa hivi."

Gaudiosa akaitazama karatasi. Akamtazama Mwalimu Mkuu. Akaitazama karatasi tena, muda mrefu.

"Kwani hizi nazo ni za kitu?" aliuliza. "Za ubaoni? Mimi nilidhani si za kitu chochote."

Akaandika nne. Halafu, bila kuambiwa, akageuza karatasi aone kama nyuma kuna nyingine. Mwalimu Mkuu akampa mtihani mzima wa muhula, ule ambao alikuwa amepata mbili kwa hamsini. Akaufanya amepiga magoti sakafuni, midomo ikicheza, mara kwa mara akifunga macho na kutembeza vidole viwili juu ya saruji kama miguu. Mvua ilikatika, kengele ikagongwa, watoto wakaenda nyumbani, hakuna aliyemharakisha. Nurdini alisahihisha pale pale. Thelathini na tisa.

Mwalimu Kunigunda alivua miwani. "Miaka ishirini na minane," alisema. "Nimewafundisha watoto jedwali kwa fimbo na kwa vizibo vya soda, na jioni narudi kulima mistari tisa, mistari kumi, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Ee Mungu wangu. Hata siku moja sikuwahi kuona kwamba ni hesabu ile ile." Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Akaitwaa ile orodha, akakata jina la kwanza kwa kalamu nyekundu. "Akili ni nywele, wanasema, kila mtu ana zake. Tukawanyoa. Nenda nyumbani, mwanangu. Mwambie mama yako unaendelea la nne, nitakuja mwenyewe kumwona."

Gaudiosa alipiga goti kushukuru. Alifika mlangoni, akasita, akarudi hatua moja. Macho yake yalikuwa kwenye orodha iliyokuwa mezani.

"Mwalimu, na Kilian? Na Ida? Na Jacqueline?"

"Wamefanyaje?" Nurdini aliuliza.

"Wao mmewauliza kwa kitu gani?"

Gaudiosa akasubiri kwa adabu, kisha akaaga, akaenda. Walimu wawili wakabaki na ile orodha katikati yao, ikiwa bado na majina matatu.