Jumamosi ya Kutengeneza Korongo

Kuna walimu wanaogombana na wakuu wao, na kuna walimu wanaogombana na wazazi. Mwalimu Evaline aligombana na ndama. Shule yake ilikuwa shule shikizi, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma juu ya kilima upande wa Dongobesh, iliyojengwa na wazazi wenyewe kwa ajili ya watoto ambao miguu yao ilikuwa bado mifupi kwa safari ya kwenda shule mama. Kila asubuhi akiita majina, mtoto asiyeitika alikuwa ameachwa nyumbani kuchunga ndama.

Hilo alilizoea. Balaa lililofuata alijitafutia mwenyewe, kwa mikono yake miwili. Siku moja aliona kwenye simu jinsi Wajapani wanavyokunja karatasi, bila mkasi wala gundi, mpaka inakuwa chura anayeruka. Akajaribu, chura akaruka, na Evaline naye akaruka. Kesho yake akawafundisha watoto, wakapagawa. Gazeti la kufungia maandazi, kalenda ya mwaka jana, mfuko wa saruji, kila kilichokunjika kilikunjwa. Watoto waliokuwa hawajui kushoto wala kulia wakaanza kukutanisha pembe na pembe, na vidole vilivyokuwa vinavunja penseli vikatulia. Evaline aliyaona hayo akafurahi sana. Wazazi waliona makaratasi mifukoni tu.

Aliyelisema hadharani alikuwa Bibi Letisia, mwanamke mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Marieta. Alisimama nje ya kanisa baada ya misa, kitenge kimefungwa vizuri, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Nilimpeleka mtoto akasome, amerudi na chura wa gazeti," alisema. "Chura ninao kisimani, wa bure. Bora Marieta arudi kwa ndama mpaka afikishe umri wa shule ya kweli."

Vichwa vikatikisika kukubali. Vingine vilikubali kweli, na vingine viliogopa, maana hakuna aliyependa kubishana na Bibi Letisia kabla ya kula. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nicodemo, mtu aliyechukia ugomvi kuliko ukame, akaona njia ya kutokea. Jumamosi wazazi wote waende shuleni, waione kazi ya mwalimu, kisha wanyooshe mikono kama darasa la awali liendelee au lifungwe.

Wiki hiyo Evaline hata ugali haukumshuka. Lazima lisemwe wazi kwamba aliwapenda watoto wale kupita kiasi, pamoja na makamasi yao. Alijua pia kwamba darasa likifungwa, wengine wangezoea ndama na wasingerudi tena. Akapiga moyo konde. Kama wazazi walitaka kuona kazi, angewaonyesha kitu cha kuwafunga midomo: ndege mwenye shingo ndefu ambaye ukimvuta mkia anapiga mabawa. Simu ilimwambia kwa Kiswahili anaitwa korongo, naye akalipokea jina hilo bila kuuliza maswali.

Alifundisha kunja hapa, pindua, bonyeza, fungua, mpaka watoto wakawa wanayaimba. Ijumaa mchana, kabla ya kuwaruhusu, akasimama mlangoni.

"Watoto, kesho tutatengeneza nini?"

"Korongooo!"

"Waambieni wazazi wenu waje wote. Kesho ni siku ya kutengeneza korongo!"

Sasa hebu isikilize sentensi hiyo kwa masikio ya mtu wa milima ile. Huko korongo ni moja tu: shimo refu linalochimbwa na maji ya mvua, linalokula shamba kidogo kidogo na siku nyingine linameza njia nzima. Na ukisema utatengeneza kitu, iwe barabara, paa au korongo, maana yake kimeharibika na wewe unakwenda kukirekebisha. Evaline alizaliwa huko huko Mbulu na alianza kuruka makorongo kabla hajajua kusoma, kwa hiyo hana pa kujitetea. Wiki nzima alikuwa ameishi na ndege kichwani, shimo likamtoka kabisa akilini.

Jumamosi asubuhi alipanga madawati, akafuta ubao, akawaacha watoto waliotangulia wakikunja karatasi ndani, akatoka nje kuwapokea wageni. Akawaona wanapanda kilima kwa pamoja, wakiwa na majembe, sururu na sepetu mabegani. Baba mmoja, Gidion, alisukuma toroli. Mbele yao wote alitembea Bibi Letisia, na jembe lake lilikuwa jipya.

Evaline aliwaza kwamba hawa hawakungoja hata kura, wamekuja kuibomoa shule.

"Shikamooni," alisema, sauti ikitoka nusu.

"Marahaba," walijibu, kwa namna ya watu waliokasirika lakini waliolelewa vizuri.

Bibi Letisia alisimika jembe ardhini. "Mwalimu, juzi tulikusema kwa ajili ya karatasi. Kumbe karatasi ilikuwa afadhali! Mtoto ambaye hata meno ya utoto hayajang'oka, unataka atengeneze korongo?"

Evaline alishusha pumzi. Kumbe walikuwa wamekasirikia somo, siyo jengo. "Bibi, si kazi ngumu. Marieta anaweza peke yake."

"Peke yake!"

"Ndiyo, Bibi. Tena anatengeneza huku anaimba."

Kina mama wakashika vifua. Gidion akaiachia toroli yake. "Mwalimu, korongo lipi hasa? La kule chini, au hili lililokula mbuzi wangu?"

"Mbuzi?" Evaline alishangaa. "Baba, korongo hali mbuzi. Anakula wadudu."

Watu wakatazamana, kisha wakamtazama mwalimu kwa huruma, kama mtu aliyepigwa na jua. Mzee Nicodemo alisogea, akazungumza naye polepole.

"Mwalimu, mimi ni mtu mzima. Nimeona makorongo mengi. Hili linalokula wadudu liko wapi?"

"Hili hapa!" Marieta alitokea mlangoni, mkono juu, na ndani ya mkono ndege wa karatasi ya saruji. Akamvuta mkia. Ndege akapiga mabawa, pa, pa, pa.

Hapo ndipo Evaline aliposikia alichokuwa amekisema. Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. Gidion ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa ndani ya toroli. Wengine wakafuata, na majembe waliyoyabeba ili kuifanya kazi hiyo badala ya watoto yakaanguka chini moja moja. "Kumbe ni yule ndege anayefukua mahindi yetu!" alipiga kelele Mzee Nicodemo, akijifuta machozi. "Mwalimu, hata huyo tungemjia na majembe!"

Bibi Letisia hakucheka. Aliwaacha wachoke, kisha akasema, "Tumecheka, vizuri. Lakini tuliitwa kwa kura. Mwenyekiti, tunyooshe mikono twende, ndama wananisubiri."

Kicheko kikakatika. Watu wakaingia darasani kimyakimya na kubanana kwenye madawati ya watoto. Marieta ndiye aliyemvuta bibi yake kitenge.

"Bibi, hujatengeneza wa kwako. Mwalimu alisema wote."

"Mimi? Samaki hukunjwa angali mbichi, mjukuu wangu. Mimi nimekauka zamani."

"Kaa, Bibi."

Watu walishusha macho wasione mtoto akimwamuru Bibi Letisia. Akakaa, magoti yakakaribia kidevu. Marieta akamwekea karatasi ya mraba na kusimama pembeni yake, mikono nyuma, kama alivyosimama mwalimu siku zote.

Vidole vile vilikuwa vimekamua ng'ombe miaka mingi, na karatasi iliviogopa. Pembe ilikataa kukutana na pembe. Bibi akavuta, ikajikunja vibaya, akataka kuifinyanga aitupe.

"Usitupe," Marieta alisema. "Ukikosea unafungua, unaanza tena. Karatasi haikasiriki."

Bibi Letisia akaifungua karatasi, akainyoosha juu ya dawati kwa kiganja, akaanza tena. Evaline alikuwa ameinama karibu yake kumsaidia, kwa hiyo ni yeye peke yake aliyesikia.

"Kaka zangu walikwenda shule," alisema Bibi bila kuinua macho. "Mimi niliachiwa ndama. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa kwenye dawati."

Evaline akamsaidia kushikilia pembe ya karatasi. Bibi akakunja, akapindua, akabonyeza kwa ukucha, ulimi umetoka pembeni ya mdomo sawasawa na wa mjukuu wake. Shingo ya ndege ikaanza kuonekana, nene na iliyopinda, lakini shingo.

Mzee Nicodemo alikohoa. Jua lilikuwa linapanda na yeye alitaka jambo liishe kwa amani.

"Haya, ndugu zangu. Wanaotaka darasa hili lifungwe, watoto warudi nyumbani, wanyooshe mikono."

Hakuna aliyeinua mkono. Kila mtu alimgeukia Bibi Letisia, kwa sababu mkono wake ukipanda, mingine ingeufuata, na ukikaa, ingekaa. Bibi alikuwa amefika kwenye mkunjo ule mgumu, ambao ukiuachia tu, ndege wote anafumuka.

"Mwenyekiti," alisema kwa ukali, macho kwenye karatasi, "huoni mikono yangu ina kazi?"