Sahani ya Pili

"Sasa lia," Selpha alisema kwa upole.

Apiyo, msichana wa miaka tisa, aliutazama ugali uliokuwa mbele yake, kisha akamtazama Selpha. Macho yake yalikuwa makavu.

Ilikuwa Agosti 1991, katika nyumba moja ya Kaloleni. Selpha, aliyekuwa akisomea utengenezaji wa filamu Nairobi, alikuwa amerudi nyumbani Kisumu kupiga filamu fupi ya watoto kuhusu msichana aliyefiwa na dada yake. Mwenzake Wakhisi, aliyeshika kamera, alikuwa amebakiwa na ukanda wa dakika tatu tu. Wangekosea hapo, kazi ya mwaka mzima ingekwenda bure.

"Mbona hulii?"

"Haikuwa hivyo, anti. Adongo alipokufa, mimi sikulia."

Selpha alipigwa na butwaa. Alijua kwamba kwa Wajaluo Apiyo ni jina la pacha wa kwanza, na Adongo la wa pili. Lakini alikuwa akidhani kwamba huyo wa pili analelewa na nyanya yake huko Awasi.

"Ulifanya nini?"

"Mama alikuwa anasahau. Anapakua sahani mbili, yangu na ya Adongo. Nikawa nakula zote mbili haraka, kabla hajakumbuka na kuanza kulia."

"Hata ukishiba?"

"Tumbo lilikuwa linauma. Lakini nilimaliza."

Selpha alikuwa ameandika machozi kurasa nzima, na sasa yakamtoka yeye. Aliyaweka kando maandishi yake, akaomba sahani nyingine.

Kamera ilipoanza kunguruma, Apiyo alimaliza sahani ya kwanza, akavuta ya pili, akautupia mlango jicho, akafungua kinywa. Hakuna aliyemwelekeza. Ukanda ulikwisha naye bado anatafuna.

Mwezi Desemba, kabla mtu mwingine hajaiona filamu hiyo, Selpha alimwalika mama yake Apiyo, Rosa, kwenye ukumbi mtupu wa mtaa.

"Atajua," Apiyo alinong'ona.

"Asipotaka ionyeshwe, Apiyo, haitaonyeshwa."

Walizima taa, Wakhisi akawasha projekta. Rosa alitazama mpaka mwisho bila kutikisika, mikono mapajani. Selpha akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Rudisha pale anapokula," Rosa alisema hatimaye.

Wakhisi alirudisha. Safari hii Rosa hakuitazama shuka iliyotundikwa ukutani. Alimgeukia bintiye, akamtazama usoni, mwanga ukicheza juu yao wote wawili, hadi ukanda ulipokwisha na kuacha weupe mtupu.